Bibi alininong'oneza, chuo kinataka niseme kwa sauti

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, mzaliwa wa Tanga. Tangu nikiwa na miaka 13 naishi Ohio, Marekani, na mama yangu na wadogo zangu wawili. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, na siku nyingine anaunganisha na ya asubuhi. Huku tunaita kubeba boksi, ingawa yeye habebi boksi, anabeba watu.

Nilianza chuo nikisomea uuguzi kwa sababu ndiyo ilikuwa ndoto ya mama. Mwaka wa pili nikatakiwa kuchukua somo moja nje ya fani, nikachagua fasihi ya Marekani kwa kuwa saa zake hazikugongana na kazi yangu ya dukani. Tukasoma Toni Morrison, James Baldwin, Zora Neale Hurston, Nella Larsen. Shangazi, sikujua kama vitabu vinaweza kukushika namna ile. Nikahamia fasihi moja kwa moja. Mama alinuna miezi mitatu, kisha akasema, "Soma, lakini usije kunililia ukikosa kazi." Hilo likapita.

Shida ilianzia darasani. Weusi tupo wanne. Tukifika kwenye habari za utumwa au rangi, macho yote yanatugeukia, kama vile sisi ndio majibu yaliyochapishwa nyuma ya kitabu. Siku moja tulikuwa kwenye Beloved ya Morrison, nikatoa maoni kuhusu Sethe, yule mama aliyemuua mwanawe asirudishwe utumwani. Katika maneno yangu nikasema "sisi". Mwenzangu mmoja, Mmarekani mweusi, akaniambia kwa upole kabisa: "Nyinyi mlikuja kwa ndege." Hakuna aliyecheka. Nilikaa wiki mbili sijafungua mdomo darasani.

Nikirudi nyumbani, mama naye ananiambia sisi si weusi wa hapa. "Sisi Waswahili, tena Washirazi," yaani watu wa pwani wanaojinasibu na Shiraz ya Uajemi. Fomu zinazouliza rangi ananiambia niweke alama penye "nyingine". Lakini mlinzi wa duka akinifuata nyuma kutoka kabati hadi kabati, haniulizi kama mimi ni Mshirazi.

Kisha tukasoma Passing ya Nella Larsen. Inahusu wanawake wawili weusi wenye ngozi nyeupe kiasi cha kudhaniwa Wazungu. Mmoja, Clare, amehama kabisa upande wa pili, ameolewa na Mzungu anayewachukia weusi na asiyejua kama mkewe ni mmoja wao. Niliisoma usiku mmoja. Asubuhi nikamkumbuka bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa wa Pangani. Nilipokuwa na miaka kumi, tukiwa tunachambua mchele barazani, alinivuta karibu akaniambia kwamba mama yake alikuwa mzalia. Nikauliza ndiyo nini. Akasema, "Alizaliwa ndani ya nyumba, lakini hakuwa wa nyumba," yaani mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake. Akaniambia pia jina la ukoo tunalojivunia ni la waliokuwa mabwana zake. Halafu akasema, "Haya yaishie hapa hapa kwenye ungo." Amefariki miaka sita iliyopita. Sikuwahi kumwambia mtu.

Mwaka huu naandika tasnifu ya kumalizia shahada. Nimeilinganisha familia yetu na Passing: jinsi mama yake bibi na watoto wake walivyojivika Ushirazi kama Clare alivyojivika Uzungu. Profesa ameipenda mno. Anasema hajawahi kusoma kitu kama hiki, anataka niisome mbele ya idara mwezi wa nne, na itawekwa kwenye maktaba ya chuo mtandaoni. Hata yule mwenzangu aliposikia mada yangu alinikumbatia.

Kosa nililofanya ni kumwambia mama. Alikuwa anavua viatu, ametoka zamu. Akauliza, "Nimekuleta Marekani uje kututangaza?" Akaingia chumbani. Tangu siku hiyo tunaongea habari za gesi na bili tu. Mama mkubwa amepiga simu kutoka Tanga analia, anasema ana binti anayeposwa na nyumba yenye kuchunguza asili, na kwamba Pangani ni ndogo, nikificha majina watu watajua tu.

Mimi naona wanaona haya kuwa weusi, na haya hiyo ndiyo inayonisumbua mimi huku kila siku. Nikinyamaza ninakuwa Clare. Nikisema ninakuwa msaliti. Shangazi, nifanyeje?

Mjukuu wa Pangani, Ohio

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hayo mazungumzo ya gesi na bili. Kimya cha mtu unayelala naye nyumba moja ni kizito kuliko cha mtu wa mbali.

Nilifundisha fasihi sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuketi kwenye kiti hiki cha ushauri, kwa hiyo barua yako nimeisoma kwa macho mawili, la ualimu na la uzazi. Ninavyokuelewa, umepewa siri na mtu uliyempenda, ukaibeba miaka kumi na miwili bila kujua ina uzito gani, mpaka riwaya ya mwanamke wa Chicago ikakuonyesha. Sasa kuna watu wanaotaka uitoe na watu wanaotaka uizike, na kila upande unakutazama kana kwamba siri ni ya kwao.

Nianze na jambo ulilolipitia haraka katika barua yako, lile la ndege. Unaliandika kama jeraha, na ninaamini liliuma. Lakini hebu lisome tena. Beloved ilitoka mwaka 1987, na mzizi wake ni tukio la kweli lililotokea humo humo Ohio mnakoishi: mwaka 1856 mwanamke mtumwa, Margaret Garner, alitoroka Kentucky akavuka mto hadi Cincinnati, na walipomkamata akamuua binti yake. Huenda mwenzako anasoma habari hiyo kama habari ya kwao, ya mto anaoujua. Huenda alichokuambia ni kwamba kuna mlango ambao watu wake waliupitia na wewe hukuupitia. Hilo halikufanyi usiwe mweusi. Yule mlinzi wa duka amekwisha kukujibu hilo. Mtu anaweza kuwa ndani ya jambo kwa mlango mwingine. Mnigeria Chimamanda Ngozi Adichie alijenga riwaya nzima, Americanah, juu ya msichana anayegundua kwamba amekuwa "mweusi" baada ya kutua Marekani. Kwao hakuna aliyemwita hivyo.

Sasa niulize kitu, na usinikasirikie. Mwenzako alikuambia ulikuja kwa ndege, ukanyamaza wiki mbili. Baadaye ukaja na mama yake bibi, mzalia wa Pangani, na mwenzako huyo huyo akakukumbatia. Je, inawezekana kwamba sehemu ndogo ya moyo wako imemfanya yule mama awe pasi yako ya kuingilia kwenye lile "sisi"? Sisemi ndiyo. Nasema jiulize ukiwa peke yako, maana kama ni hivyo, basi anatumikishwa tena, safari hii na kitukuu chake.

La pili ni hili la kumlinganisha na Clare. Hapa mwalimu ndani yangu ameshika kalamu nyekundu. Marekani ya Larsen ilikuwa na kanuni yake: tone moja la damu nyeusi linakufanya mweusi, na Virginia iliandika sheria kali ya namna hiyo mwaka 1924, miaka mitano kabla ya riwaya yenyewe kutoka. Kabla ya hapo, tangu 1662, sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba akiwa ndiye bwana. Pwani yetu ilikuwa na utumwa, tena wenye ukatili wake, wala nisije nikausafisha hapa. Lakini hesabu yake ilikuwa nyingine. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye bwana amemzaa na suria wake na akamkubali alikuwa huru, wa ukoo wa baba, anarithi na ndugu zake. Na kuchukua jina la ukoo wa bwana baada ya kuwa huru kulikuwa jambo la kawaida; watu walijua, walinyamaza, na wakati mwingine walikumbushana kwa masimango tu.

Kwa hiyo bibi yako alipojiita Mshirazi, alikuwa anadanganya? Inategemea baba yake alikuwa nani, jambo ambalo hukuniandikia na huenda hulijui. Inategemea pia neno Mshirazi lilikuwa na maana gani Pangani ya wakati huo, maana neno hilo limebebeshwa mizigo tofauti kila zama. Zanzibar lilifika hadi kwenye jina la chama cha siasa, Afro-Shirazi, mwaka 1957. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Kama mama yake bibi alikuwa msichana mwaka huo, basi alitoka katika utumwa bila shamba, bila ndugu, mwanamke mweusi mbele ya serikali ya Kiingereza na majirani wenye kumbukumbu ndefu. Jina la ukoo lilikuwa paa juu ya kichwa chake. Clare aliacha nyumba yake akaenda kuishi kwa wengine. Huyu wetu hakutoka hata barazani.

Pima kitambaa cha Pangani kwa futi ya Chicago, mwanangu, na utapata urefu, lakini kitashonwa vibaya. Hilo ni la kitaaluma tu, mweleze profesa wako. Kama ni mwalimu mzuri atafurahi, na kama atasikitika kwamba mfano wake mzuri umeharibika, hapo utakuwa umejifunza kitu kuhusu furaha yake ya mwanzo.

Unasema mama na mama mkubwa wanaona haya kuwa weusi. Inawezekana. Chuki ya rangi yetu wenyewe ipo pwani, na tumeishi nayo kwenye vigodoro, kwenye mizaha na kwenye mahari. Lakini sikiliza mama mkubwa alichosema kwenye simu: hakuzungumzia ngozi, alizungumzia posa ya binti yake. Anaogopa jambo moja linalotajika, lenye tarehe. Na mama yako, aliyeuliza kama amekuleta uje kuwatangaza, huenda alikuwa na maana ya kutangazwa mbele ya nani. Anakaa usiku kucha na wazee ambao wengine, nadhani, humwita majina asiyokueleza. Kuambiwa kwamba asili ya mama yake itasomwa kwa sauti kwenye ukumbi wa watu hao hao, na mwanawe akipigiwa makofi, ni kitu tofauti na kuambiwa ukweli sebuleni.

Unaniambia ukinyamaza unakuwa Clare. Nimeirudia Passing kwa ajili yako, na nikakuona humo, ila si kwa Clare. Umemsahau Irene. Yeye ndiye tunayeona kila kitu kwa macho yake: mwanamke wa Harlem, mwenye heshima zake, anayeijua siri ya mwenzake. Riwaya nzima inamzungusha kwenye swali moja, afanye nini na siri ya mtu mwingine. Anaiweka kwa sababu ya rangi yao, anaichukia, anatamani ifichuke, na mume wa Clare anapoanza kung'amua, Irene hamwonyi rafiki yake. Mwishoni Clare anaanguka dirishani, na mwandishi hatuambii waziwazi kama kuna mkono uliomsukuma. Mimi ningependa kusoma tasnifu ya msichana wa Tanga kuhusu Irene. Kuhusu aliyepewa siri kwenye ungo.

Tuje kwenye njia zilizopo mbele yako, maana najua mwezi wa nne hauko mbali.

Unaweza kuiandika kama ilivyo na kuisoma. Utakuwa umesema kweli, na kuna heshima katika hilo. Utumwa wa Pangani si siri ya familia yenu. Mwanahistoria Jonathon Glassman aliuandika katika kitabu chake juu ya pwani kilichotoka 1995. Na Shaaban Robert, mtu wa kwenu Tanga, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad hakumzulia asili tukufu. Wapinzani wa Siti walimtungia nyimbo za kumkumbusha alikotoka, na leo wimbo wao unakumbukwa kwa sababu yake yeye. Hatari ya njia hii unaijua: posa inaweza kuvunjika, na atakayelipa hatakuwa wewe wala profesa. Pia neno likishaingia mtandaoni, huwezi kulirudisha kwenye ungo.

Unaweza kubadilisha majina na mji. Mama mkubwa amekwisha kukuambia udhaifu wa hilo, nami namwamini. Watu wa Pangani watakutambua kwa mama yako, na mama yako kwa miguu yake. Lakini kuna kubadilisha kwa ndani zaidi. Morrison alichukua habari ya Margaret Garner na, kwa kauli yake mwenyewe, hakutaka kuchimba sana maisha ya mwanamke yule, ili apate nafasi ya kumbuni Sethe. Chuo chako kinaweza kukubali sehemu ya kazi iwe hadithi ya kubuni. Kinaweza pia kukataa, na ujue si kila mwenye huzuni ya kweli anaweza kuibuni vizuri kwa muhula mmoja.

Unaweza kuandika kuhusu Larsen peke yake, na bibi akabaki kwenye daftari lako. Najua hili unaliona kama woga. Lakini James Baldwin, baada ya riwaya yake ya kwanza kuhusu Harlem, aliandika Giovanni's Room, iliyotoka 1956, na wahusika wake wakuu ni Wazungu tupu. Waliomchapishia kitabu cha kwanza hawakuitaka. Walimtaka aendelee kuwa mwandishi wa weusi. Mtu mweusi naye ana haki ya kusoma kitabu bila kufunua kabati la mama yake. Hatari yake ni kwamba unaweza kuandika kwa mkono uliokauka, na profesa akapoa kidogo kwako. Je, unaweza kuishi na hilo?

Au uombe muda. Vyuo vingi vya huko humruhusu mwanafunzi kuomba kazi yake isiwekwe mtandaoni kwa miaka kadhaa. Ulizia ofisini kwao kabla ya kuzungumza na yeyote nyumbani, usije ukaahidi usichokuwa nacho. Posa ya binamu yako itakuwa imekwisha kufika au kuvunjika kwa sababu zake yenyewe. Muda, hata hivyo, haumfanyi mama akukubalie.

Na kuna njia ndefu, ambayo ni mama mwenyewe. Zora Neale Hurston, kati ya 1927 na 1928, alikwenda Alabama kwa mzee Cudjo Lewis, mmoja wa walioletwa na meli ya mwisho ya watumwa mwaka 1860. Alimpelekea matunda, wakala tikiti maji pamoja. Kuna siku mzee alikataa kuongea, anataka kufanya kazi za bustani yake, na Hurston akaondoka akarudi siku nyingine. Kitabu chenyewe kilichapishwa 2018, wote wawili wameshakufa. Wewe ulimwambia mama mada akiwa anavua viatu, ametoka kugeuza wazee usiku kucha. Sikulaumu. Nasema tu hajapata nafasi ya kukataa kuongea kwa raha zake.

Anaweza kukukatalia moja kwa moja. Anaweza kulia. Anaweza pia kujua mengi kuliko wewe, kwa sababu huwezi kuwa na hakika kwamba bibi alimnong'oneza mjukuu kitu ambacho hakuwahi kumnong'oneza binti. Ukimpata siku ya mapumziko, msimulie kwanza habari ya Nella Larsen mwenyewe, usianze na riwaya yake. Alikuwa muuguzi. Alihitimu New York mwaka 1915. Mama yake alikuwa Mzungu wa Denmark, na nyumbani mwao yeye peke yake ndiye aliyekuwa na rangi. Aliandika riwaya mbili, 1928 na 1929, kisha akaacha kuchapisha, akarudi wodini akafanya kazi mpaka uzeeni. Nahisi mama yako ana la kusema juu ya mwanamke huyo.

Jambo la mwisho, halafu nikuache usome. Barua yako ni ndefu, nami nimeifupisha kidogo kwa ajili ya wasomaji. Katika kurasa zote nne unamwita "mama yake bibi". Huenda umelificha jina lake makusudi, kama ulivyoniomba nifiche lako. Lakini kama hulijui, basi mama anaweza kulijua. Unaweza kumuuliza hilo tu, bila tasnifu, bila chuo: alikuwa anaitwa nani?

Niandikie tena ukipata jibu, hata kama jibu ni mlango kufungwa.